Daftari Mbele ya Mkutano: Imani na Biashara kwa Marafiki wa Uingereza

Katika masoko ya Uingereza ya karne ya 17 bei ilikuwa ya kupatana: muuzaji hupandisha, mnunuzi hushusha, hadi wakubaliane. George Fox, mwasisi wa Marafiki, yaani Waquaker, alifundisha kwamba anayetaja bei asiyokusudia kuipokea amesema uongo. Wafuasi wake walikwisha kukataa kula kiapo mahakamani, kwa kuwa neno la Mkristo linapaswa kuwa kweli siku zote, na ukweli huohuo ukawafuata dukani. Wakataja bei moja. Wateja waliwakwepa mwanzoni, kisha wakagundua kwamba hata mtoto akitumwa kwao hapunjwi.

Wengi wao waliingia katika biashara kwa kukosa njia nyingine. Oxford na Cambridge hazikuwapa shahada, nyadhifa za serikali zilidai kiapo, na jeshi lilipingana na imani yao.

Hata hivyo, dhamiri ya mfanyabiashara peke yake isingetosha, na hapa ndipo mfano wa Marafiki una uzito kuliko mahubiri mengi kuhusu biashara ya Kikristo. Mwenye duka alikuwa chini ya mkutano wa waumini wenzake. Biashara ikianza kuyumba, wazee walimtembelea, wakataka kuona madaftari yake na kumshauri apunguze gharama kabla mali ya wadai haijapotea. Aliyefilisika kwa uzembe au tamaa aliweza kutengwa na ushirika, kwa sababu kukopa bila uwezo wa kulipa kulihesabiwa kuwa namna ya wizi. Ukali huo ulizaa uaminifu, na uaminifu ukazaa amana: benki za Barclays na Lloyds zina mizizi katika familia za Marafiki.

John Cadbury alifungua duka la chai, kahawa na kakao Birmingham mwaka 1824. Wanawe Richard na George walipolishika shirika mwaka 1861, lilikuwa karibu kufa. Kakao ya siku hizo ilichanganywa na wanga, yao ikiwemo. Mwaka 1866 walianza kuuza kakao isiyochanganywa kitu, wakaitangaza kwa usafi wake, na biashara ikafufuka. Mwaka 1879 walihamishia kiwanda mashambani, mahali walipopaita Bournville, ambako baadaye zilijengwa nyumba zenye bustani, bila kilabu cha pombe hata kimoja.

Lakini kakao yenyewe ilitoka mbali. Mwaka 1901 William Cadbury, mwana wa Richard, alipata tangazo la kuuzwa kwa shamba katika kisiwa cha São Tomé, koloni la Wareno, na vibarua walikuwa wameorodheshwa pamoja na mali nyingine. Watu hao walitolewa Angola kwa mikataba ya jina tu. Waliorudi kwao walikuwa wachache mno. Uchunguzi wa Joseph Burtt, aliyetumwa na kampuni mwaka 1905, ulithibitisha utumwa huo, na bado ununuzi uliendelea hadi 1909. Kampuni ilitumaini kwamba mnunuzi anayebaki ana sauti ya kudai mageuzi. Hoja hiyo haikuwa ya unafiki, ila miaka minane ni mirefu kwa anayechuma chini ya kiboko.

Marafiki hawakuwa wageni wa jambo hili. Miaka hiyohiyo wenzao walikuwa Banani, Pemba, wakiendesha shamba la karafuu na kuwalipa ujira watu waliotoka utumwani baada ya amri ya mwaka 1897 dhidi ya utumwa. Pengo lilikuwa katika maswali yenyewe: utaratibu wa mkutano ulizoea kuuliza juu ya deni na bei, mambo ya jirani anayeonekana. Haukuwa na desturi ya kuuliza nani alivuna kilichojaa ghalani.

Gazeti la Standard lilipoishutumu kampuni kwa kakao hiyo, Cadbury waliishtaki kwa kashfa. Desemba 1909 baraza la wazee wa mahakama liliwapa ushindi, na fidia ya robo peni. Mapema mwaka huohuo kampuni za Cadbury, Fry na Rowntree zilikuwa zimesusia kakao ya São Tomé. Cadbury wakageukia Gold Coast, Ghana ya leo, kwa wakulima Waafrika waliolima mashamba yao wenyewe.