Sheria Iliyofika Baada ya Mbio

Mkimbiaji Francine Niyonsaba alizaliwa Mei 5, 1993, katika milima ya Ruyigi, mashariki mwa Burundi, ng'ambo tu ya mpaka ukitokea Kibondo, Tanzania. Oktoba mwaka huohuo Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita vikaanza, na Warundi kwa maelfu wakavuka kuingia mkoa wa Kigoma. Wengine walikuwa wamevuka mwaka 1972, na wengine wangevuka tena mwaka 2015. Majina ya kambi za Mtabila, Kanembwa, Nduta na Nyarugusu yanajulikana kwa kila mtu wa Kasulu na Kibondo. Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani, soko lao ni moja, na ndoa za kuvuka mpaka ni jambo la kila siku. Kwa hiyo binti aliyekulia Ruyigi akikimbia kwenda shule si mgeni kwetu, na yaliyomkuta uwanjani ni sehemu ya historia ya ukanda huu wa Ziwa Tanganyika.

Nimeanza naye kwa makusudi. Mjadala wa jinsia katika michezo na tiba za vijana umetufikia kutoka Marekani na Ulaya ukiwa umeshapikwa na kupakuliwa. Mwaka 2020 Idaho ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kupiga marufuku wasichana waliobadili jinsia kushindana katika timu za wasichana shuleni, na majimbo mengi yakafuata. Februari 5, 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuyapeleka marufuku hayo nchi nzima. Juni mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliiachia Tennessee sheria yake inayokataza kuwapa watoto dawa za kuzuia balehe na homoni kwa ajili ya kubadili jinsia. Uingereza nako, ripoti ya daktari Hilary Cass ya Aprili 2024 ilisema ushahidi wa manufaa ya dawa hizo kwa watoto ni dhaifu. Upande mmoja husema mwili uliobalehe kiume hubaki na nguvu zake, na msichana anayeshindana nao anadhulumiwa. Upande wa pili husema vijana hawa ni wachache mno, na kwamba siasa imewafanya ngao na shabaha kwa wakati mmoja.

Hoja zote hizo zina uzito. Lakini kwetu Afrika Mashariki walioitwa kwanza mbele ya daktari hawakuwa watu waliobadili jinsia. Walikuwa wasichana waliozaliwa wakaitwa wasichana, wakalelewa hivyo, wakasajiliwa hivyo shuleni, wakakimbia hivyo. Kosa lao lilikuwa kushinda.

Kuwachunguza wanamichezo wa kike ni desturi ya siku nyingi. Mwaka 1966, kwenye mashindano ya riadha ya Ulaya mjini Budapest, wanawake walitakiwa kupita uchi mbele ya jopo la madaktari. Fedheha hiyo ilipolalamikiwa, ikaja maabara. Mwaka 1967 Ewa Kłobukowska wa Poland aliangushwa na kipimo cha kromosomu, na kuanzia Olimpiki ya mwaka 1968 wanawake wakapimwa wote. Kipimo chenyewe kilikuwa kinadanganya. Mwaka 1985 Maria José Martínez-Patiño, mruka viunzi wa Hispania, alikutwa na kromosomu za kiume, akafukuzwa na kuanikwa magazetini, ilhali mwili wake haukuwa na uwezo wa kuitumia homoni ya kiume hata kidogo. Alipigana hadi akarudishwa. Shirikisho la riadha la dunia liliacha vipimo vya wote mwaka 1992, na kamati ya Olimpiki ikafuata mwaka 1999.

Kilichobaki kilikuwa hatari kwa namna yake: kumpima yule tu anayetiliwa shaka. Na shaka huanzia machoni. Agosti 2009 Caster Semenya wa Afrika Kusini, mwenye umri wa miaka 18, alishinda mita 800 mjini Berlin, na dunia ikajua kwamba anachunguzwa kabla hata hajapokea medali yake. Mwaka 2011 ikaandikwa kanuni: mwanamke mwenye testosteroni ya kuanzia nanomoli 10 kwa lita aishushe, au asikimbie na wanawake.

Ieleweke kidogo namna mwili unavyofanya kazi hapa. Testosteroni ipo kwa wanawake na wanaume. Kwa wanawake wengi haifiki nanomoli 2 kwa lita, kwa wanaume huanzia kama 7 na kupanda hadi karibu 30. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na kromosomu za kiume, lakini maumbile ya nje huonekana ya kike, au hayabainiki. Kokwa zao zimo ndani ya mwili. Mkunga huona msichana, naye hukua msichana, mpaka umri wa balehe ufike na mambo yasiende kama ya wenzake. Katika kijiji kisicho na daktari wa homoni, huenda asijue kamwe. Atakapojua, mara nyingi atakuwa ameambiwa na afisa wa michezo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Annet Negesa wa Uganda. Alikuwa bingwa wa mita 1,500 kwenye Michezo ya Afrika, Maputo, mwaka 2011, na mwaka uliofuata alikimbia mita 800 kwa dakika 1:59.08, rekodi ya taifa lake. Alikuwa na miaka 20 na nafasi ya Olimpiki ya London mkononi. Wiki chache kabla ya michezo akaarifiwa kwamba hatashiriki, kwa sababu ya homoni zake. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipelekwa Nice, Ufaransa, kwa uchunguzi, kisha akafanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Kampala. Alidhani ni jambo dogo, kama kuchomwa sindano. Alipozinduka alikuta makovu tumboni: kokwa zimeondolewa. Anasema hakuelezwa sawasawa, na tiba ya homoni ambayo mtu aliyefanyiwa hivyo huihitaji hakuipata ipasavyo. Viungo vikamuuma, kichwa kikamuuma, kasi ikapotea, ufadhili wa chuo ukaondoka. Shirikisho la dunia limekana kwamba lilihusika na upasuaji huo. Negesa alinyamaza miaka saba. Septemba 2019 alizungumza mbele ya kamera za televisheni ya Ujerumani, ARD, na nchi hiyo ndiyo iliyompa hifadhi.

Hakuwa peke yake. Mwaka 2013 madaktari wa Ufaransa walichapisha katika jarida la kitabibu habari za wanariadha wanne, wa miaka 18 hadi 21, kutoka vijijini na milimani katika nchi zinazoendelea, bila majina. Wote walikuwa wametolewa kokwa na kupunguzwa kinembe. Waandishi wenyewe walikiri kwamba kuziacha kokwa hizo hakungewadhuru afya. Soma sentensi hiyo mara mbili. Mabinti wanne walikatwa viungo visivyoumwa, na faida iliyotajwa ilikuwa kurudi kwenye mashindano.

Turudi kwa binti wa Ruyigi. Mwaka 2015 mahakama ya usuluhishi wa michezo, katika kesi ya Dutee Chand wa India, iliisimamisha kanuni ya homoni kwa kukosa ushahidi. Katika mwanya huo ikaja Olimpiki ya Rio, Agosti 2016. Katika mita 800, Semenya wa kwanza, 1:55.28; Niyonsaba wa pili, 1:56.49; Margaret Wambui wa Kenya wa tatu, 1:56.89. Kwa Burundi hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki tangu Vénuste Niyongabo alipochukua dhahabu Atlanta mwaka 1996, na nchi ilikuwa imetoka tu katika machafuko yaliyojaza tena kambi za Kigoma. Baadhi ya wakimbiaji waliomaliza nyuma ya hao watatu walilia hadharani kwamba mbio hazikuwa za haki. Machozi yao nayo yalikuwa ya kweli. Mwanamke aliyejinyima miaka yote hiyo ana haki ya kuuliza anashindana na nani.

Kanuni mpya ilitangazwa mwaka 2018: nanomoli 5, kwa mbio za mita 400 hadi maili moja tu. Semenya akaenda mahakamani. Mei 1, 2019, wasuluhishi wawili dhidi ya mmoja walisema kanuni hiyo ni ya kibaguzi, lakini ubaguzi huo ni wa lazima ili kulinda mbio za wanawake. Mwaka huo Niyonsaba alijitokeza na kusema wazi kwamba naye yumo miongoni mwa wanaoguswa na kanuni hiyo, na kwamba maumbile yake hakujichagulia, ni Mungu aliyemuumba. Wambui alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2014. Baada ya kanuni akakaa pembeni, na baadaye akapendekeza liwepo kundi la tatu la mashindano.

Niyonsaba alikataa dawa, akakimbilia umbali ambao kanuni haikuugusa. Kwenye Olimpiki ya Tokyo alikuwa wa tano katika mita 10,000, na Septemba 2021 mjini Zagreb akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000, dakika 5:21.56. Machi 2023 sheria ikamfuata huko pia: nanomoli 2.5, kwa muda wa miezi 24, katika mbio zote. Siku hiyohiyo wanawake waliobadili jinsia baada ya kubalehe kiume walifungiwa kabisa. Makundi mawili yenye historia tofauti kabisa yakaingia katika tangazo moja, na tangu hapo watu hawayatofautishi.

Kusini mwa Ziwa Tanganyika, meli ya Liemba ilikokuwa ikiishia safari yake kutoka Kigoma, ni Mpulungu, Zambia. Mwaka 2022 nahodha wa timu ya soka ya wanawake ya nchi hiyo, Barbra Banda, aliachwa nje ya Kombe la Afrika nchini Morocco kwa masharti ya uthibitisho wa jinsia ya CAF. Mwaka uliofuata alicheza Kombe la Dunia chini ya FIFA bila kizuizi. Mchezaji ni yuleyule, mchezo ni uleule. Vilivyotofautiana ni vyama. BBC ilipomtaja mwanasoka bora wa kike mwaka 2024, matusi ya mtandaoni yalimwita mwanamume.

Huko Ujiji, ambako Uislamu wa madhehebu ya Kishafi ulifika na misafara ya pwani katika karne ya 19, suala la mtu ambaye jinsia yake haibainiki si geni kama wengi wanavyodhani. Vitabu vya fikihi vina milango mizima juu ya huntha, yaani mtu wa namna hiyo. Akiwa na mirathi na jinsia yake haijabainika, hupewa fungu lile la yakini, na kinachobishaniwa huwekwa mpaka mambo yabainike au warithi wapatane. Hukumu yake ina hasara kwa huntha, sikatai. Ila hakuna mwanazuoni aliyeagiza akatwe ili hesabu ya mirathi itoke vizuri.

Tangu Septemba 1, 2025, shirikisho la riadha linamtaka kila mwanamke anayekwenda mashindano ya dunia apimwe mara moja jeni ya SRY, kwa kijiti cha shavuni au damu. Angalau ni kwa wote, si kwa anayetiliwa shaka tu. Kwa hiyo jambo hili litafika kwetu, maana vipaji vyetu huibuliwa katika michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, na walimu wa michezo ndio watakaokaa na binti wa Buhigwe au Uvinza kabla hajapanda treni kwenda Dar es Salaam. Ninawasihi: mwelezeni yeye na wazazi wake kipimo ni cha nini kabla ya kijiti kuingia mdomoni. Jibu lake liende kwake na kwa daktari, lisipite ofisini wala kwenye kundi la WhatsApp. Na mtu yeyote akimwambia apasuliwe ili aruhusiwe kukimbia, mrudisheni nyumbani akiwa mzima.