Kutoka Chuoni hadi Liwatoni

Pwani ya Kenya ilikuwa na mtaala wa watoto wadogo kabla haijaona shule ya serikali. Chuoni, yaani shule ya Kurani, mtoto alianza na alifu, akapanda taratibu hadi Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, na mtihani wake ulikuwa sauti yake mwenyewe. Huketi mbele ya mwalimu, husoma, akikwama hurudishwa nyuma. Hakukuwa na muhula wala kushika namba. Mwepesi alikwenda mbele, mzito alingojwa.

Mambo yaliharibika mlangoni mwa shule ya msingi. Kote Kenya shule zilizogombaniwa zilianza kuwafanyia watoto usaili kabla ya kuwapokea darasa la kwanza, na chekechea nyingi zikageuka mahali pa kukaririsha herufi na tarakimu. Mtoto aliyehifadhi sura kumi hakuulizwa hata moja.

Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa Pwani walimwomba Aga Khan, imamu wa Waislamu wa Ismailia, msaada, kwa kuwa watoto wao walikuwa wakibaki nyuma shuleni. Kazi ya kutafuta njia alipewa Bi Swafiya Said, mwalimu wa huko huko Mombasa, na mwaka 1986 chekechea ya kwanza ikafunguliwa Liwatoni, mjini humo. Mafunzo ya dini yalibaki. Yakaongezwa yale ambayo shule ya msingi ingeyadai, lakini kwa mchezo.

Mbinu yenyewe ilitoka mbali: Ypsilanti, katika jimbo la Michigan, Marekani. Huko, kuanzia 1962, David Weikart na wenzake waliwagawa watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi katika makundi mawili, moja likapata chekechea na jingine likakosa, kisha wakawafuatilia hadi utu uzima. Katika chekechea hiyo mtoto alipanga atakachofanya, akakifanya, halafu akaeleza alichofanya. Mombasa haikuwa na fedha za vifaa vya Michigan, na pengine hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yake. Vifuu, kombe za baharini, vizibo vya chupa na mabaki ya vitambaa viliingia darasani, na nyimbo za Kiswahili zikabeba hesabu. Walimu wengi walikuwa wanawake wa mtaa uleule, waliofunzwa kazini huku mkufunzi akiwarudia mara kwa mara.

Mpango huo, ulioitwa Madrasa, ulivuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na baadaye ukahesabu chekechea zaidi ya 200. Kila mtaa uliunda kamati yake, na kina mama walikuwa na viti ndani yake.

Je, nani angejua kama kazi inazaa? Kwanza kilipimwa chumba cha darasa. Watafiti Thelma Harms na Richard Clifford walikuwa wamechapisha mwaka 1980 kipimo cha mazingira ya darasa, chenye alama 1 hadi 7, kinachotazama nafasi, vifaa, mazungumzo na jinsi mwalimu anavyomjibu mtoto. Anayepata alama hapo ni mtu mzima na darasa lake. Ni uadilifu ambao usaili wa darasa la kwanza haukuwahi kuujua.

Watoto nao walipimwa, ila kwa utafiti, si kwa kuchujwa. Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walilinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda: waliobaki nyumbani, waliokwenda chekechea nyingine na wale wa Madrasa. Matokeo yaliyotoka 2008 yalionyesha kuwa chekechea yoyote ilisaidia kuliko kukaa nyumbani, na ya Madrasa ilisaidia zaidi.

Kwa serikali mwendo ulikuwa wa pole. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, na mtaala wa umilisi ulioenea nchini mwaka 2019 unamtaka mwalimu amtazame mtoto akicheza na kuandika anachokiona. Wazazi wengi bado hufika getini na swali moja: ameshaanza kusoma?