Nasibu, Ajali na Kura: Historia ya Dhana Moja na Mfano wa Mraru

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua waundaji wa istilahi za Kiswahili ni ile ya tukio lisiloweza kutabiriwa. Maneno hayakosekani: bahati, nasibu, sadfa, ajali, kura. Tatizo ni kwamba kila moja lina historia yake, na aghalabu historia hiyo hupingana na maana anayoitafuta mwanahisabati. Makala haya yanafuatilia historia hiyo kwanza katika maneno yenyewe, kisha katika fikira za Wataita, na hatimaye katika kisa cha wanawake wa Mraru, ambacho kinaonyesha kwamba kosa la istilahi laweza kuwa kosa la maisha.

1. Maneno

Neno ajali limetokana na Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, hasa siku ya kufa. Methali isemayo "Ajali haina kinga" imehifadhi maana hiyo: saa iliyokwisha kuandikwa haizuiliki. Leo, gari likipinduka katika barabara ya Mombasa, neno lilo hilo hutaja jambo lililotukia bila kukusudiwa na yeyote. Hivyo neno la kadari limegeuka kuwa neno la tukio la ghafla, na maana zote mbili zaishi pamoja.

Nasibu nalo, katika Kiarabu, ni fungu au sehemu aliyogawiwa mtu. Bahati, lenye asili ya Kiajemi, huchukuliwa kama mali ya mwenyewe. Ndiyo maana watu wakaonywa kwamba bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Penye fungu pana mgawaji, na penye mali pana mwenyewe. Sadfa peke yake ndilo lisilodai mgawaji, kwani hutaja tu mambo mawili kukutana pasipo miadi.

Kura lina safari ya pekee. Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, mabaharia wanapiga kura ili wajue msiba umewapata kwa ajili ya nani, na kura inamwangukia Yona. Katika Matendo ya Mitume, Mathiya anapata utume kwa kura. Uchaguzi wa kisiasa wa karne ya 20 ukalichukua neno hilo hilo. Lakini kura ya kwanza huondoa hiari ya watu ili uamuzi usiwe wa yeyote, ilhali ya pili huhesabu hiari zao. Vikundi vingi vya kuchangiana fedha nchini Kenya vingali vikitumia ile ya kwanza kuamua nani apokee mwanzo. Hapo nasibu ni chombo cha haki, kilichobuniwa makusudi ili pasiwe na upendeleo.

2. Swali la Wataita

Katika milima ya Taita swali liliulizwa kwa namna nyingine. Grace Harris, aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alieleza kwamba maradhi na misiba mingine ilihusishwa na hasira iliyofichika moyoni mwa jamaa au ya wasioonekana. Dawa yake ilikuwa kutasa: mtu hupuliza funda la pombe au la maji ya miwa huku akitamka maneno ya kuitoa hasira na kuomba heri. Kwa hiyo swali la msingi lilikuwa "ni hasira ya nani?"

Si haki kuliita swali hilo ujinga. Evans-Pritchard alionyesha mwaka 1937 kwamba Waazande walijua vema kuwa mchwa ndio walioangusha ghala. Walichouliza ni kwa nini liliwaangukia watu wale, saa ile. Sayansi hujibu kwamba mifuatano miwili ya sababu imekutana, wala haiongezi neno. Wataita hawakuridhika na kimya hicho, na kwa kutoridhika walipata njia ya kupatanisha ndugu.

3. Mraru

Wanawake wa Mraru walihitaji kufika soko la Voi. Mabasi yalipofika kwao aghalabu yalikuwa yamekwisha kujaa, nao wakabaki kando ya barabara na mizigo yao. Kwa mtu mmoja, siku moja, kupata nafasi kulionekana kuwa bahati.

Katika miaka ya 1960 wanahisabati, miongoni mwao Kolmogorov wa Urusi, walitoa kipimo kinachofaa hapa: mfuatano wa matukio ni wa nasibu ikiwa hakuna kanuni ya kuueleza iliyo fupi kuliko mfuatano wenyewe. Mwenye kurusha shilingi mara mia hana njia ya kusimulia matokeo ila kuyataja moja moja, ijapokuwa anajua kwamba takribani nusu yatakuwa kichwa. Kisa cha Mraru kilikuwa na kanuni ya maneno machache: basi hujaa kabla ya kufika. Palipo na kanuni fupi namna hiyo, hapana nasibu.

Kikundi cha wanawake hao kilichanga fedha, na mwaka 1975 kikaanzisha basi lake. Jill Kneerim alikiandikia kisa hicho kijitabu mwaka 1980. Wangeendelea kusema "bahati yetu mbaya", uchunguzi ungaliishia hapo barabarani.

4. Hitimisho

Yafaa basi kutenga mambo matatu ambayo usemi wa kila siku huyachanganya: lisilokusudiwa, lisilojulikana sababu yake, na lisilo na kanuni. La kwanza latoshelezwa na ajali katika maana yake ya leo. La pili halihitaji jina la kulifunga, lahitaji kuulizwa. Nasibu libakizwe kwa la tatu, likivuliwa ile maana ya fungu la mgawaji. Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi kwamba ukame, ajali ya barabarani na kura ni "bahati" tu humnyima swali ambalo wazee wa Taita hawakuacha kuliuliza, na ambalo wanawake wa Mraru walilijibu kwa basi.