Kijiji cha Rika Moja

Simba dume akitimiza miaka miwili au mitatu hufukuzwa kundini. Huondoka na ndugu zake, na wingi wao ndio utakaowawezesha siku moja kuteka kundi la majike.

Wanyakyusa wa Kyela nao waliwatoa wana wao nyumbani, ila bila ugomvi. Wavulana wa miaka kumi hivi, wachungaji wa ng'ombe wa baba zao, walijijengea vibanda pembeni mwa kijiji. Walilala huko, chakula walikifuata kwa mama zao, kundi zima likizunguka jiko hadi jiko. Walipooa waliwaleta wake hukohuko, kwani mke alipaswa kumwepuka baba mkwe kabisa. Kuketi, kupiga soga, kula na kunywa na wenzao kuliitwa ukwangala. Miaka ilipopita, katika sherehe ya ubusoka, wazee waliwakabidhi nchi.

Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alivieleza vijiji hivi vya rika moja katika kitabu Good Company, kilichochapishwa mwaka 1951.