Salgaa na Safari ya Lithiamu
Salgaa, mji mdogo wa Kenya uliokua kando ya barabara kuu ya Nakuru na Eldoret kwa kuwalaza na kuwalisha madereva wa malori yaendayo Uganda, Rwanda na Kongo, ni zao la injini ya dizeli, na jirani yake Sachangwan palionekana gharama ya biashara hiyo mwaka 2009, lori la mafuta lilipopinduka na moto kuua watu zaidi ya 100. Injini hiyo inaweza kupisha magari ya umeme, na lithiamu, metali nyepesi kuliko zote, inayotumika kuhifadhi umeme katika betri za magari hayo, ipo Manono, Kongo, ambako Wabelgiji walichimba bati. Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kutengeneza betri, mkataba ambao, kwa kweli, ni rahisi kuusaini kuliko kuutekeleza. Mchango wa Bonde la Ufa, ambako Salgaa ipo, katika safari hii ya kuelekea magari ya umeme ni mvuke wa ardhini, unaozalisha umeme Olkaria tangu 1981.