Msondo Huo

Ukipanda bajaji kutoka stendi ya Ifakara kuja Lipangalala na dereva akawa mtu mzima, usishangae spika ikikuletea tarumbeta badala ya Bongo Fleva. Muulize ni bendi gani. Hatasema NUTA, hatasema JUWATA wala OTTU. Atasema, “Msondo huo.” Huenda wimbo wenyewe ulirekodiwa Redio Tanzania zamani, bendi ikiwa bado haijasajili jina hilo popote. Hakuna abiria atakayemsahihisha.

Bendi hiyo ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabeba jina la mwajiri: NUTA Jazz. Chama kilipogeuka JUWATA, nayo ikawa JUWATA Jazz. Ilipokuja OTTU, ikawa OTTU Jazz. Vyombo vilikuwa mali ya ofisi, mshahara wa ofisi, jina la ofisi. Cha wanamuziki wenyewe kilikuwa mtindo.

Katika muziki wa dansi, mtindo haukuwa namna ya kupiga tu, ulikuwa bendera. Western Jazz walikuwa na Saboso, Dar es Salaam Jazz wakawa na Mundo, Atomic ya Tanga na Kiweka, Tabora Jazz na Segere Matata. Urafiki walijitangaza kwa Chakachua, neno ambalo siku hizi limehamia kwenye mafuta ya petroli na masanduku ya kura. Nalo hilo “jazz” lisimchanganye mtu aliyezoea ya Wamarekani weusi. Kwetu ni bendi ya magitaa, tumba na vyombo vya kupuliza, ya kuchezesha watu mpaka majogoo.

NUTA wakachukua Msondo. Msondo ni ngoma ndefu, na ni ngoma ya unyago. Yaani chama chenye katiba, mihuri na mafaili kikaridhia bendi yake ijinadi kwa ngoma ya kuwafunda wari! Mlimani Park walipoanza 1978, wakiwa na mwimbaji Muhidin Gurumo aliyetoka huko huko JUWATA, nao walikwenda kwenye ngoma, ya Wazaramo safari hii: Sikinde. Tangu hapo ushabiki wa dansi ukawa na pande mbili, na mpambano wa Msondo na Sikinde hujaza ukumbi kama mechi ya watani wa jadi. Gurumo mwenyewe alizunguka, akapita Safari Sound, akarudi Msondo akazeekea humo. Alifariki 2014.

Mtu wa mkoa wa Morogoro kama mimi angetarajiwa kunadi vya kwao: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Nawapenda wote. Lakini Salum alifariki 1965, Mbaraka 1979, na sifa ya kila bendi ilikuwa imesimama juu ya mabega ya mtu mmoja. Msondo ilimzika TX Moshi William 2006, sauti iliyokuwa kipenzi cha wengi, na ikaendelea kupanda jukwaani. Wakati huo ilikwisha kuachana na majina ya ofisi, inaitwa Msondo Ngoma. Jina la mtindo ndilo lililobaki.

Kijana anayesikiliza roki nzito ya Uingereza nitamwambia hivi: Black Sabbath walianza 1968, NUTA Jazz wakiwa na miaka minne kazini. Ila asitafute uzito kwenye gitaa linalonguruma. Asubiri chemko. Wimbo huanza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa cha ndoa au cha mdeni, wenzake wanaitikia. Halafu maneno yanakwisha. Gitaa la solo la Said Mabera wa Msondo linashika vipande vichache na kuvirudia, kila mara kwa kageuzi kadogo. Ridhim inabana, besi inakaa chini kabisa, tumba zinapanda, kisha tarumbeta na saksafoni zinakata kwa pamoja. Hapo ndipo sufuria linapochemka, na wachezaji hawahitaji kuambiwa.

Neno ninalolikataa ni “zilipendwa”. Nyimbo zinaweza kuitwa hivyo, sawa, ni za zamani. Bendi ambayo bado inabandika matangazo ya shoo utaipaje kitenzi cha wakati uliopita? Waseme zinapendwa.

Wa kuanza aanze na zama za JUWATA, ndiyo rai yangu. Wimbo wa “Piga Ua” aje kuusikiliza baadaye, ni mtamu lakini umesikika mno kwenye harusi. Akifika ukumbini atakuta Msondo wanajiita “Baba ya Muziki”. Mwalimu wa Kiswahili atataka iwe “baba wa muziki”. Huyo huyo akienda nyumbani anasema “baba yangu”, si “baba wangu”. Waacheni na “ya” yao.