Ukope Uliolegea na Amana ya Tabibu

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kumwona mtu ambaye jicho lake moja liko wazi na la pili limefunikwa nusu, kana kwamba ameamshwa usingizini sasa hivi. Watu wepesi wa kuhukumu humwita mvivu au mlevi, na wengine hudhani anawadharau. Mtoto mwenye hali hiyo huinua kidevu ili apate kuona kwa chini ya ukope wake, na wenzake wakasema anajivuna. Hukumu hizo zote ni dhuluma. Hayo ni maradhi ya ukope, na Waislamu wa kale waliyafahamu, wakayaandika vitabuni na wakayatibu. Yafaa tuitazame historia hiyo, kwani ndani yake mna funzo juu ya elimu, kipimo na amana.

Katika miji ya Kiislamu tabibu wa macho alikuwa na jina lake mahsusi: kahhal. Asili ya neno hilo ni kuhl, yaani wanja, kwa kuwa dawa nyingi za macho zilisagwa zikawa unga na kupakwa kama wanja upakwavyo. Huko Baghdad, katika karne ya 11, Ali ibn Isa aliandika kitabu kiitwacho Tadhkirat al-Kahhalin, na ndani yake akaeleza maradhi ya macho yapatayo 130, yakiwamo ya kope. Kitabu hicho kilisomwa na matabibu kwa karne nyingi, na baada ya kutafsiriwa kwa Kilatini kilichapishwa Venice.

Wakati Baghdad iking'ara mashariki, magharibi katika Andalusia aliishi Abu al-Qasim al-Zahrawi, mtu wa Madinat al-Zahra karibu na Cordoba, aliyefariki mnamo mwaka 1013. Kitabu chake, al-Tasrif, kina sehemu 30, na sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, yenye michoro ya vyombo inayozidi mia mbili. Humo alieleza tiba ya ukope uliolegea: chuma chenye umbo la mwezi mwandamo hupashwa moto, kisha hugusishwa juu ya ukope. Kidonda kikipona, kovu huivuta ngozi na ukope ukapanda.

Ilikuwako pia njia ya kisu, iliyotumika hasa pale nywele za ukope zilipogeuka ndani na kulichoma jicho. Kipande cha ngozi kilikatwa, na kingo zake zikashonwa kwa uzi. Kazi hiyo iliitwa tashmir, neno lile lile la mtu anayepandisha mikono ya kanzu yake anapotaka kutawadha. Al-Zahrawi alifundisha kuwa kiasi cha ngozi ya kukatwa si kimoja kwa watu wote, bali kila mgonjwa na haja yake. Alieleza pia balaa la ukope uliofupishwa na jeraha, mshono au moto, hata ukawa haufumbi. Jicho lisilofumba hukauka, na likikauka huweza kupofuka. Basi tazama, ndugu yangu: ukope ukishuka mno humzuia mtu kuona, na ukipandishwa mno humharibia jicho. Wokovu uko katikati.

Katika zama hizo hizo, huko mashariki, Ibn Sina (980-1037) alieleza katika al-Qanun kwamba ukope wa juu unao msuli wake wa kuuinua, unaoteremka na kutandaza kano yake kwenye ukingo wa ukope. Msuli ukijikunja, jicho hufunguka. Hapo ndipo ilipokuwa siri ya maradhi haya. Mara nyingi kosa haliko katika ngozi. Liko katika msuli ulio dhaifu, au kano iliyolegea, au neva isiyofikisha amri. Kupunguza ngozi peke yake ni kama kukunja pazia ambalo kamba yake imekatika. Lakini elimu ya msuli ilikuwa katika kitabu kimoja na kazi ya kisu katika kingine, na mikono ya wapasuaji ilibaki juu ya ngozi kwa karne nyingi. Tusiwalaumu. Hawakuwa na dawa ya ganzi kama ya leo, wala darubini, na msuli huo ni mwembamba na umejificha.

Kulikuwa na jambo jingine walilolijali, nalo ni tabia ya mwenye kushika kisu. Katika karne ya 12 huko Sham, al-Shayzari aliandika kitabu cha kuwaongoza mamuhtasibu, wale wasimamizi wa masoko na kazi za watu. Kwa matabibu wa macho aliagiza wapimwe kwa kitabu cha makala kumi juu ya jicho cha Hunayn ibn Ishaq, na asiyekijua asiachwe kugusa jicho la mtu. Hunayn, aliyefariki mwaka 873, alikuwa Mkristo, wala hilo halikumzuia muhtasibu wa Kiislamu kukifanya kitabu chake kuwa mizani. Al-Shayzari aliwaonya watu pia juu ya waganga wa macho wa njiani, akisema kuwa wengi wao hawana dini ya kuwazuia kukata macho ya watu bila elimu. Kwake, elimu bila ya uaminifu haikutosha, wala uaminifu bila ya elimu.

Mlango alioufungua Ibn Sina kwa kalamu uliingiwa kwa kisu katika karne ya 19. Mwaka 1857 William Bowman wa London alieleza upasuaji wa kuufupisha msuli wenyewe. Mwaka 1883 Everbusch, tabibu wa Ujerumani, alieleza njia ya kuufikia kupitia ngozi ya ukope. Mwaka 1909 Payr alitumia utando mgumu unaotolewa pajani kuufungamanisha ukope na msuli wa kipaji cha uso, kwa wale ambao msuli wao wa ukope hauna nguvu. Misingi hii ndiyo inayofuatwa hadi leo. Daktari hupima kwa milimita jinsi ukope unavyopanda na kushuka, kisha ndipo huchagua njia. Naye hupima macho yote mawili, maana ni kama sahani za mizani: pengine ukiinua ukope mmoja, wa pili hushuka.

Huenda ukauliza: je, huku si kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu? Kumbuka habari ya sahaba Arfaja, aliyepoteza pua yake katika vita vya Kulab. Alitengeneza pua ya fedha, ikanuka, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru atumie pua ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Katika mkutano wa Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kuwa upasuaji wa kuondoa kasoro, ya kuzaliwa nayo au iliyompata mtu baadaye, unajuzu. Ama wa kubadilisha umbo lililo sawa kwa kufuata matamanio na mitindo haujuzu. Basi anayeinuliwa ukope ili aone, au ili sura yake irudi katika hali ya watu, hakubadilisha kitu. Amerudishiwa kilichopungua. Lakini mwenye macho mazima anayetaka yafanane na ya mtu wa kwenye picha, huyo na aisaili nafsi yake kwanza.

Ewe mzazi, ukimwona mtoto wako ukope wake umelegea, usimfiche ndani wala usingoje akue hivyo hivyo ukisema ni kijicho cha watu. Jicho linalofunikwa utotoni laweza kusahau kuona, hata likiwa zima, na miaka ikipita huwa vigumu kulifundisha tena. Mpeleke kwa daktari wa macho mapema. Na mtu mzima ambaye ukope wake umeanguka ghafla, hasa akiumwa kichwa au akiona kitu kimoja kuwa viwili, naende hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ni dalili ya maradhi ya mishipa ya kichwani.

Nawe utakayekutana na mwenye macho yasiyolingana, usimcheke wala usimpe jina. Kope zako mwenyewe hupanda na kushuka maelfu ya mara kila siku, nawe huzitii mkono wala huzishukuru. Neema hii aijuaye zaidi ni yule aliyeondokewa nayo.